Ligi ya mkoa ina mwelekeo au tunajidanganya? Jibu kwa katibu wa timu Masasi

*"Mtaalamu habari za kazi. Mi niko Masasi, timu yetu ya mtaa mwaka huu imebeba ligi ya wilaya na sasa tunajiandaa na ligi ya mkoa. Shida ni kijiweni, kila jioni ubishi. Kuna wanaosema ligi ya mkoa ni kupoteza hela, hakuna inakompeleka mtu. Wengine wanasema kusini huku bila mkubwa wa serikali nyuma yako hufiki popote, wanatolea mfano Namungo, timu ya Ruangwa. Wengine wanasema tatizo ni sisi mashabiki, roho zetu ziko Simba na Yanga ndo maana Ndanda ilikufa. Halafu kuna mdau kaja na wazo kwamba badala ya kuhangaika tuchange tununue timu ambayo tayari iko madaraja ya juu. Mpaka sasa tumechanga laki tisa na korosho bado hazijauzwa. Mimi ndo katibu, naomba unisaidie, hii ligi ina mwelekeo au tunajidanganya?"*

Kaka katibu, salama kabisa, na hongereni kwa ubingwa wa wilaya, hiyo siyo kitu kidogo, timu ngapi zimeanza mashindano na nyinyi zikaishia njiani kwa kukosa hata nauli. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja na naona ndani yake yapo maswali manne yamebebana, ila lile linalokunyima usingizi ni moja tu: hela za watu ziko mikononi mwako na majina ya vijana yako kwenye daftari lako, sasa je unawapeleka mahali au unawazungusha? Nakujibu kabisa hapa mwanzoni. Ligi ya mkoa ina mwelekeo. Ila hicho mnachobishania kijiweni, nani atapanda na nani ana mkubwa nyuma yake, siyo kinachoamua. Kinachoamua ni vijana wenu wanacheza mechi ngapi kwa mwaka na makaratasi yenu yako wapi. Nivumilie nieleze.

Kwanza tuweke sawa ngazi yenyewe, maana hapa ndo watu wengi wanadanganyana. Bingwa wa mkoa haendi Ligi Kuu, na wala haendi Championship. Anaenda ligi ya mabingwa wa mikoa, anakutana na mabingwa wenzake wa nchi nzima. Wanaofanya vizuri pale wanaingia First League, ile ambayo wazee bado wanaiita daraja la pili. Ukitoka First League unaingia Championship, ambayo zamani ndo daraja la kwanza, ina timu 16, na mbili za juu zinapanda Ligi Kuu moja kwa moja wakati wa tatu na wa nne wanaenda kuhangaika kwenye mechi za mtoano. Kwa hiyo piga hesabu. Mkishinda kila kitu bila kuteleza hata mara moja, mwaka huu mkoa na mabingwa wa mikoa, mwakani First League, mwaka unaofuata Championship, basi Ligi Kuu mnaiona msimu wa nne. Bila kuteleza, nasisitiza, na mpira hauendi hivo. Sasa kama kuna kiongozi amewaambia vijana "mwakani tunacheza na Yanga" naomba mkamsahihishe mbele ya vijana haohao, kwa upole lakini mbele yao, kwa sababu kijana aliyeahidiwa Yanga akijikuta anacheza Nanyumbu kwenye uwanja wa mchanga na jua la saa nane anaona ametapeliwa, anaacha mpira, na lawama zote zinakuja kwa katibu.

Sasa Ndanda, timu yetu ya Mtwara. Hii inaniuma na najua inawauma watu wengi wa Mtwara, ndo maana maelezo yake yamekuwa mengi na mengine hayana ukweli. Kwanza neno "ilikufa" silikubali. Ndanda, au kwa jina la utani Wanakuchele, walipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 pamoja na Stand United ya Shinyanga na Polisi Morogoro, wakakaa misimu sita mfululizo mpaka waliposhuka mwisho wa msimu wa 2019/20. Misimu sita kwa timu ya pembeni kabisa ya nchi ni kazi ya watu waliojituma, kuna timu za mikoa mikubwa kuliko wetu zimepanda na kushuka msimu huohuo.

Angalia kilichowatokea katikati. Walipopanda ligi ilikuwa na timu 14, maana yake mechi 26 kwa msimu, 13 za ugenini. Msimu uliofuata zikawa 16. Halafu msimu wa 2018/19 ligi ikapanuliwa ikawa na timu 20, mechi 38, yaani ugenini mara 19. Na msimu huohuo wa 2018/19 ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu. Sasa chukua ramani. Kutoka Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550, na kwa timu ya Mtwara kufika Dar siyo kufika, ni kuanza safari, maana mbele kuna Mwanza, kuna Shinyanga, kuna Bukoba. Basi la timu likienda Bukoba na kurudi linakaribia kilomita 4,000. Timu ya Dar inacheza mechi kadhaa za "ugenini" wachezaji wanalala kwao, wewe wa Mtwara kila mechi ya ugenini ni safari, hoteli, chakula, na vijana wanashuka kwenye basi miguu imevimba kesho yake wanatakiwa wakimbie dakika tisini. Ongeza mechi kumi na mbili kwenye ratiba, toa mdhamini, halafu uniambie uchawi unaingilia wapi hapo.

Na kuna jambo ambalo kijiweni sijui kama mnalitaja. Ndanda walishuka 2020. Mwaka uliofuata, 2021, ndo ukasainiwa mkataba wa haki za matangazo na Azam wa miaka 10 wenye thamani ya bilioni 225.6, na Oktoba 2021 NBC wakaingia kama wadhamini wa Ligi Kuu. Ligi nayo ikapunguzwa ikarudi timu 16, mechi 30. Yaani Wanakuchele walibeba miaka migumu, wakaachia kamba mwaka mmoja kabla hela haijaja. Mimi siwezi kuwaita watu hao walioshindwa. Nawaita watu waliokosa akiba ya kuwavusha mwaka mmoja zaidi, na hilo ni somo kwenu kwenye ile laki tisa, nitarudi huko.

Hoja ya Simba na Yanga. Ina ukweli nusu. Ni kweli uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara unajaa Simba au Yanga wakija, na nusu ya waliojaa au zaidi wamevaa jezi ya mgeni. Lakini tazama hesabu, kwenye ligi ya timu 16 una mechi 15 za nyumbani, mbili ndo hizo. Zinabaki 13. Timu haiishi kwa zile mbili, inaishi kwa zile 13, na kwenye zile 13 mtu hashindanishi mapenzi yake ya Yanga na timu ya kwao, anashindanisha jioni yake. Nimeona kwa macho yangu mechi nzuri ya mkoa, watu wamezunguka uwanja pande zote, ikafika mapumziko uwanja ukapukutika, kila mtu anakimbilia kibanda umiza kwa sababu saa kumi na moja Simba anacheza na kiti kinawahiwa. Wale watu hawakuichukia timu ya nyumbani, walipangiwa ratiba mbovu. Kama mna ushawishi wowote kwenye kamati ya mashindano, ombeni mechi zenu zisigongane na hao wawili. Jumamosi asubuhi saa nne ni bora mara mia kuliko Jumapili saa kumi jioni siku ya Yanga. Shabiki wa kusini anaweza kuwa na timu mbili na hana dhambi, mradi umwachie nafasi ya kuja kwako.

Namungo sasa. Hapa ntasema ukweli bila kumung'unya. Ndiyo, Namungo ya Ruangwa ilikuwa na mkono mkubwa, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa miaka kumi kuanzia 2015, Kassim Majaliwa, alikuwa mbunge wa jimbo hilohilo, na uwanja wao unaitwa Majaliwa, hakuna siri hapo. Mtu wa namna hiyo anafungua milango ambayo katibu wa Masasi akibisha hata haisikiki. Lakini ukiishia hapo unawanyima haki yao watu waliofanya kazi. Msimu wao wa kwanza kabisa Ligi Kuu, 2019/20, chini ya kocha Hitimana Thierry, walimaliza nafasi ya nne. Msimu huohuo wakafika fainali ya kombe la FA, wakafungwa na Simba 2-1 pale Sumbawanga, na kwa kuwa Simba alikuwa tayari bingwa wa ligi, Namungo wakapewa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wakaenda wakafika hatua ya makundi, wakawa na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, Raja haohao waliobeba kombe mwaka ule. Makundini waliumia sana, sawa, lakini timu ya Ruangwa! Mkubwa anaweza kuleta basi na kambi, ila nafasi ya nne anaileta kocha na wachezaji waliopikwa vizuri na uongozi unaolipa mishahara kwa wakati.

Kwa hiyo msimamo wangu kwenye hilo ni huu, mkipata mkubwa mpokeeni kwa mikono miwili, ila msimsubiri. Na siku akija akute katiba ipo, akaunti ipo, kumbukumbu za vikao zipo. Asipokuta hivo vitu timu itakuwa ya kwake, na siku akihama jimbo au akikosa uchaguzi au akichoka tu, mnabaki na jezi. Mlezi wa timu ya wanachama anaweza kuondoka na timu ikabaki, hiyo ndo tofauti mnayotakiwa kuitengeneza sasa hivi mkiwa bado wadogo, maana mkishakua kila mtu anakuwa na maslahi yake na katiba inakuwa vita.

Sasa nifike kwenye kile nilichosema mwanzo, idadi ya mechi. Hapa naomba usome taratibu.

Chukulia ligi ya mkoa imegawa timu kwenye makundi ya timu tano tano, mzunguko mmoja. Kijana wako anacheza mechi 4. Nne! Dakika 360 za ushindani kwa mwaka, kama hakufanyiwa mabadiliko na kama hakupata kadi. Mkivuka kundi anaongeza mbili tatu. Mchezaji wa Ligi Kuu anaanzia mechi 30 za ligi peke yake bado makombe. Halafu tunakaa kijiweni tunashangaa kwa nini kijana wetu mwenye kipaji cha ajabu akipelekwa majaribio Dar anakimbia dakika ishirini pumzi inakata, anapiga pasi nzuri lakini kila mara amechelewa sekunde moja. Pumzi ya mazoezi na pumzi ya mechi ni vitu viwili tofauti. Kwenye mazoezi unajua wenzako wanapenda kupita wapi, kwenye mechi hujui, akili inalazimika kuamua haraka huku mwili umechoka, na uwezo huo haupatikani kwa kukimbia ufukweni wala kupanda vilima vya Masasi, unapatikana kwa kucheza mechi nyingi zenye kitu cha kugombania.

Na shida inakuwa kubwa zaidi mkifika mabingwa wa mikoa, kwa sababu yale mashindano yanachezwa kwa vituo. Timu zinakusanywa mji mmoja, mnacheza, mnapumzika siku moja au mbili, mnacheza tena. Timu iliyotoka kwenye mechi 6 za mkoa inacheza mechi ya kwanza vizuri sana, ya pili vizuri, ya tatu misuli inaanza kukaza, ya nne wachezaji watatu wako nje na benchi halina mtu aliyewahi kucheza mechi ngumu. Watu nyumbani wanasema tumerogwa, au tumehujumiwa na marefa. Marefa wabovu wapo sikatai. Lakini mara nyingi ukiangalia magoli mnayofungwa ni ya dakika ya 70 kwenda juu, na hiyo ni miguu, siyo refa.

Dawa yake haihitaji mkubwa. Nyinyi mko Masasi, mmekaa mahali pazuri kuliko mnavodhani. Newala pale, Nanyumbu pale, Tandahimba, na mkivuka mpaka wa mkoa Nachingwea ni pua na mdomo, Ruangwa siyo mbali. Tafuteni timu nane zenye nia, mbili tatu zitoke upande wa Lindi, mcheze nyumbani na ugenini. Timu nane kwa mizunguko miwili ni mechi 14 kwa kila timu. Ongeza zile za mkoa tayari kijana ana mechi karibu 20 na zote zina jedwali, zina refa mwenye filimbi ya kweli, zina kadi. Andikeni barua kwa vyama vya soka vya wilaya zenu, na kwa kuwa mnavuka mkoa wapeni taarifa MTREFA na LIREFA pia, yaani vyama vya soka vya mikoa ya Mtwara na Lindi, msicheze kienyeji, mchezaji akivunjika kwenye bonanza lisilojulikana hakuna wa kumsemea. Mkianzia kwenye ile miezi ambayo shamba halina kazi nyingi mtapata wachezaji na mtapata watu wa kuangalia. Hayo mashindano hayatakuwa na kombe kubwa na sidhani kama mtapata mdhamini mwaka wa kwanza. Chezeni tu. Huo ndo mwelekeo wa ligi ya mkoa, na tukisubiri tuletewe kutoka Dar tutasubiri sana.

Tuje kwenye hela. Laki tisa inaonekana nyingi ikiwa kwenye simu ya mhazini. Chukua msafara wa watu 25, wachezaji, benchi la ufundi na dereva. Sahani ya chakula ya shilingi 3,000, mara mbili kwa siku, hapo sijaweka chai. Ni 150,000 kwa siku. Laki tisa ni siku sita za kula. Gari bado, malazi bado, maji bado, dawa bado. Na kituo cha mabingwa wa mikoa mkikaa wiki mbili, chakula peke yake ni milioni mbili na laki moja. Naandika hivi ili mjue mnachoingia nacho, siyo kuwatisha. Timu nyingi za kwetu zinachanga hela ya kuchukua ubingwa wa mkoa, zikiuchukua ndo zinaanza kutembeza bakuli la kwenda mabingwa wa mikoa ikiwa imebaki wiki moja, na hapo ndo anajitokeza mtu na hela yake na masharti yake, na kwa kuwa mna haraka mnasaini chochote.

Na ugonjwa wetu wa kusini unajulikana, hela yetu ni ya msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba mpaka malipo yakiingia kwenye akaunti za wakulima, kila mtu ni mdau wa soka, mtu anatoa laki anacheka. Ikifika Machi, Aprili huyohuyo anakwepa kijiwe. Ratiba ya TFF, shirikisho la soka, haijui korosho. Kwa hiyo ahadi zote zichukueni wakati wa korosho lakini matumizi yagaweni kwa mwaka mzima, theluthi moja iwekwe benki isiguswe mpaka mkifuzu kutoka mkoani, na msipofuzu iwe mtaji wa mwakani. Jambo moja nawasihi, msiende AMCOS, ule ushirika wa wakulima, kuomba wakulima wakatwe shilingi ya timu kwenye kilo bila wao wenyewe kukubali mkutanoni. Makato kwenye korosho yameshawachosha watu. Mkulima akiona mstari wa timu kwenye risiti yake bila kuulizwa hamtampata tena uwanjani, yeye wala watoto wake.

Kuhusu kununua timu, namuelewa huyo mdau wenu na sidhani ana nia mbaya. Inafanyika, na kwa mwenye mtaji mkubwa inaweza kuwa njia ya haraka. Ila fahamu unachonunua. Hununui nafasi kwenye msimamo, unanunua klabu na kila kinachoifuata, madeni ya hoteli, mishahara ya wachezaji ambayo haijalipwa, kesi za makocha waliofukuzwa, na kuna klabu imefungiwa kusajili kwa sababu ya madai ya namna hiyo, unakuja kugundua umeshalipa. Halafu anayekuuzia ana haki ya kuuza? Kama ni klabu ya wanachama mwenyekiti hawezi kuiuza kama baiskeli yake, kunahitajika mkutano mkuu na muhtasari wake, na mabadiliko ya umiliki, jina na makao lazima yapitie kwenye mamlaka za soka zikubali. Na hata vyote vikienda sawa, mnaingia daraja ambalo safari zake ni za nchi nzima na nyinyi hesabu yenu ni siku sita za chakula. Mtashuka, na mtashuka na madeni. Kwa sasa ushauri wangu ni hapana. Labda siku mkiwa na hela ya kuendesha msimu mzima nje ya hela ya kununulia, hapo tuongee upya.

Kitu ambacho mngefanya leo bila kungoja korosho ni makaratasi. Timu isajiliwe kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, mnaanzia kwa afisa michezo au afisa utamaduni wa halmashauri yenu, anawapa mwongozo wa katiba na fomu. Kila mchezaji awe na faili lake, cheti cha kuzaliwa, picha, namba ya NIDA kama umri umefika, fomu aliyosaini yeye na mzazi kama ni mdogo, na muhimu kuliko yote aingizwe kwenye mfumo wa usajili kwa jina lake halisi na umri wake halisi. Msikubali mamluki. Najua inavokuwa, siku ya mechi kubwa mtu anakwambia kuna mshambuliaji wa Championship yuko likizo kwao, avae jezi ya fulani. Mkikatiwa rufaa mnapokwa pointi, lakini hasara kubwa ni yule kijana wenu aliyefanya mazoezi mwaka mzima akaangalia jezi yake ikivaliwa na mgeni.

Hayo makaratasi yana hela ndani yake na watu hawajui. FIFA ina utaratibu kwamba mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka 23. Miaka ya 12 mpaka 15 kila mwaka una sehemu moja ya ishirini ya hiyo asilimia 5, kuanzia 16 mpaka 23 kila mwaka una sehemu moja ya kumi. Mbwana Samatta alipita African Lyon kabla ya Simba, kabla ya TP Mazembe, kabla ya Genk na Aston Villa, kila mkubwa alikuwa na klabu ndogo iliyomshika mkono. Kijana wenu wa miaka 16 akikaa kwenu misimu miwili akiwa amesajiliwa, halafu miaka sita mbele akauzwa nje, mnayo haki yenu hata kama mko bado ligi ya wilaya. Asipokuwa kwenye mfumo hamna kitu, hata mkija na picha ya timu na mashahidi mia.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi, unatakiwa uende ukaonane na mtu. Mkataba wowote wa mdhamini au wa kununua au kuunganisha timu, mpelekee mwanasheria ausome kabla hamjasaini, hata kama mdhamini ni shemeji yako, gharama ya kusomewa karatasi ni ndogo kuliko kesi. Rufaa za ligi zina muda wake mfupi sana kwenye kanuni, mkiona mmeonewa msikae kijiweni siku tatu mnapiga kelele, siku hiyohiyo nenda ofisi ya chama na barua na risiti ya ada, chukua nakala iliyogongwa muhuri. Na majeraha, tafadhali. Mchezaji akigongwa kichwa akapoteza fahamu hata sekunde chache, au akaanza kutapika au kuuliza tunacheza na nani, anatoka na harudi siku hiyo, anaenda hospitali. Goti likijizungusha, akasikia kitu kimelia ndani na likavimba ndani ya masaa machache, huyo msimkande wala msimfunge kwa nguvu mkamrudisha Jumamosi, mpelekeni apimwe, hapo kwenu mna hospitali ya Ndanda na Mtwara mjini kuna hospitali ya kanda. Nimeona vijana wazuri wameisha kwa kukandwa.

Kwa hiyo ukirudi kijiweni jioni usiwaache waendelee na ubishi wa mkubwa na Simba na Yanga. Wape kazi. Mmoja aandike barua za timu nane, mmoja afuatilie vyeti vya kuzaliwa, na yule mdau wa kununua timu, kwa kuwa anajua kuongea na wenye hela, mpe jukumu la kutafuta ahadi za msimu wa korosho, kila ahadi kwa maandishi na tarehe. Laki tisa itoke kwenye simu ya mhazini iende benki kwenye akaunti ya timu yenye watia saini watatu, na salio lisomwe mbele ya watu kila mwisho wa mwezi. Ukishapata rasimu ya katiba, peleka kwa afisa michezo aipitie kabla hamjaipigia kura, kuirekebisha baada ya mkutano mkuu inachukua mda mrefu na ligi haitawasubiri.